Mtaa ni wa Nani?

Ukimwuliza mtu, "Mtaa huu ni wa nani?" yamkini atakucheka. Mtaa si shoka wala si mbuzi hata uwe na mwenyewe mmoja. Lakini swali hili, msomaji, si la mzaha. Katika miji ya nchi yetu watu hufarakana kwa ajili yake kila mwaka. Wengine hulipeleka mahakamani, na wengine, ole wao, hulipeleka kwenye panga na moto. Mmoja hutoa hati yenye muhuri akasema kwamba ardhi ni yake. Mwenzake hana hati. Ana mwarobaini alioupanda babaye, ana kisima alichosaidia kukichimba, na aweza kukutajia nani alikaa nyuma ya kila mlango tangu yeye alipokuwa mtoto wa kutumwa dukani. Wa kwanza ana karatasi, wa pili ana kumbukumbu. Karatasi tunajua uzito wake, kwa kuwa sheria imekwisha kuupima. Je, kumbukumbu ina uzito gani katika mizani ya haki? Na kama ina uzito, yampa mtu ruhusa ya kufanya nini?

Kwanza tulisikilize neno lenyewe. Katika Kiswahili mtaa si njia ipitayo kati ya nyumba. Njia ni njia: ni ya kila apitaye, hata mbuzi na mgeni wa siku moja. Mtaa ni nyumba zenyewe pamoja na watu waliomo. Twasema "kijana wa mtaani kwetu". Hapana asemaye "kijana wa njiani kwetu" ila awe anamtukana. Kwa hiyo mtu aweza kununua kila kiwanja kilichoko kandokando ya njia, na bado akawa hajaununua mtaa. Na mtaa waweza kuhama: watu wakifukuzwa wote, nyumba zikabaki na wapangaji wapya, wazee watasema kuwa mtaa ule umekufa, ijapokuwa hapana tofali lililoanguka.

Nayaandika haya nikiwa Mata, upande wa Taveta, mahali ambapo mitaa ya mji si mingi na majengo si marefu. Lakini pima mwendo wa kilomita 110 hivi, toka Taveta, upite Maktau na Mwatate, na utafika Voi, mji ufaao sana kwa swali letu. Sababu yake ni kwamba mji wa Voi haukuwapo zamani za mababu. Ni mtoto wa reli. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikapita Voi, ikavuka mto Tsavo, ikafika Nairobi mwaka 1899. Wafanyakazi walioletwa kutoka Bara Hindi kwa kazi hiyo walipata 32,000 hivi, na wapatao 2,500 kati yao walikufa. Waliobaki nchini, pamoja na ndugu zao waliokuja baadaye, walifungua maduka katika vituo vya reli. Wataita walishuka kutoka milimani kutafuta mshahara na soko. Wakamba walikuja, Waswahili walikuja kutoka pwani, na watu wa Nyanza wakafuata reli kwa kazi. Basi katika mji wa namna hii ni nani awezaye kusimama kati ya mtaa na kusema, "Hapa ni kwa babu zangu, ninyi nyote ni wageni"?

Usiharakishe kujibu kwamba hapana. Juu ya mji uko mlima Sagalla, na Wasagalla walikuwa huko kabla ya kuwako chuma cha reli hata kipande kimoja. Wamisheni walifika kwao mwaka 1883, nao waliwakuta watu wenye mashamba, mila na lugha yao. Bonde lililo chini ya mlima halikuwa jangwa lisilo na mtu. Watu walilichungia mifugo, walipita na walivuka mto. Hata jina la Voi lina masimulizi yake: wapo wasemao kwamba latokana na Kivoi, Mkamba mfanyabiashara aliyekaa karibu na mto huo. Kwa hiyo pande zote mbili zina sehemu ya ukweli. Mji ni mpya, ardhi si mpya. Wengi wa wakazi walikuja, lakini hawakuja mahali pasipokuwa na habari.

Sasa tuyatazame majina, maana majina ya mitaa ni ghala la kwanza la kumbukumbu, tena ni ghala lisilolindwa na askari. Nani asiyelijua jina la Kariakoo ya Dar es Salaam? Nairobi nako kuna Kariokor. Maneno haya mawili ni neno moja la Kiingereza lililopita katika vinywa viwili: lilikuwa jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Wengi wa wapagazi hao walichukuliwa kwa nguvu. Walibeba unga, risasi na majeruhi katika njia zisizopitika kwa magari, nao walikufa zaidi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Kwa hesabu za wanahistoria, waliokufa kutoka nchi ambayo leo ni Kenya walizidi 40,000.

Vita hivyo havikuwa mbali na sisi. Wajerumani waliitwaa Taveta mwezi wa Agosti 1914, mwanzoni kabisa mwa vita. Mwaka 1915 Waingereza walianza kutandaza reli kutoka Voi kuelekea Taveta, si kwa faida ya mkulima wala mchuuzi, bali ili kulisha jeshi. Tarehe 12 Februari 1916 walishambulia kilima cha Salaita wakarudishwa nyuma. Mwezi uliofuata waliitwaa Taveta tena. Ukienda leo kwenye makaburi ya vita ya Voi au ya Taveta, utaona mawe yaliyopangwa kwa safu, nyasi zilizofyekwa, na juu ya mawe majina ya askari, wengi wao wakiwa wametoka Afrika Kusini. Utunzaji wake ni mzuri, nami siuonei kijicho; kila aliyezaliwa na mama astahili jiwe. Lakini wapagazi wako wapi? Mwezi wa Aprili 2021 tume inayoyatunza makaburi hayo ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani kwamba Waafrika na Waasia wengi sana hawakukumbukwa kwa majina yao kama walivyokumbukwa wenzao, ikaomba radhi. Ilikuwa zaidi ya miaka 100 imekwisha kupita.

Fikiri basi jambo hili la ajabu. Wenye mawe, wino na fedha waliwasahau wapagazi. Watu wa mtaani, wasiokuwa na hata kimoja cha vitu hivyo, waliwakumbuka kwa kulitamka jina la kambi yao kila siku wakienda sokoni. Hata hivyo nisizidishe sifa. Mtaa umekumbuka kikosi, haukukumbuka mtu. Mamia ya maelfu ya watu hutaja Kariakoo kila asubuhi, wala hapana kati yao, ila mmoja mmoja, afikiriaye mpagazi yeyote. Jina hubaki kama kibuyu ambacho maji yake yamekauka. Na hapa ndipo ninapoanza kushuku kwamba kumbukumbu ya mtaa, ikiachwa ijitunze yenyewe, huhifadhi ganda na kupoteza kiini.

Wakati mwingine, lakini, hata ganda lafaa kwa mwenye kujua kulisoma. Huko Voi kuna mtaa uitwao Tanzania, na jirani yake ni Bondeni. Mara nyingi huandikwa pamoja, Tanzania-Bondeni. Bondeni ni jina lijielezalo lenyewe: latuambia jinsi mahali palivyo. Lakini Tanzania? Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na jina la Tanzania lilianza kutumika katika mwezi wa Oktoba mwaka huo. Basi mtu akikuambia kwamba babu yake alizaliwa katika mtaa wa Tanzania mwaka 1940, usimwite mwongo upesi, lakini fahamu kwamba babu huyo hakulisikia jina hilo utotoni mwake. Huenda nyumba zilikuwapo kabla ya jina. Nyumba nyingi huzaliwa kabla ya kubatizwa. Lisiloweza kuwa ni jina kutangulia nchi. Naupenda mfano huu kwa kuwa wamfundisha kijana kwamba masimulizi ya mtaa hayapokelewi yote wala hayakataliwi yote, bali huulizwa.

Niliwapa wanafunzi wangu kazi ya kuandika habari za mahali wanapokaa, kila mmoja akianza na mlango wake. Wawili kati yao hukaa jirani, mvulana na msichana, nao walikaribia kugombana. Msichana aliandika kwamba babu yake, aliyeshuka kutoka milima ya Taita, ndiye mtu wa kwanza kukaa pale. Mvulana aliandika kwamba bibi yake, aliyetoka upande wa pili wa mpaka, katika milima ya Upare, alikuwapo tayari akiuza ndizi. Darasa lilitaka nitoe hukumu. Nikawaambia warudi nyumbani wakaulize swali jingine: si "nani alikuwa wa kwanza" bali "wa kwanza kufanya nini?" Walirudi na majibu ambayo yaliwapatanisha. Babu alikuwa wa kwanza kujenga nyumba ya bati. Bibi alikuwa wa kwanza kulala pale, katika kibanda cha nyasi, na kibanda hakikuhesabiwa kuwa nyumba na waliosimulia habari upande wa babu. Hapana aliyedanganya. Ni neno moja tu lililoachwa bila kufafanuliwa, na neno hilo hilo lisilofafanuliwa lingetosha kuzua kesi ya ardhi katika kizazi cha wajukuu.

Ndiyo maana nasema kwamba neno "kwanza" ni neno la hatari. Kumbukumbu ikiishika njia hiyo haiwi tena taa, huwa ukuta. Mtu huacha kusema, "Nawajua waliokaa hapa," akaanza kusema, "Nawajua wasiostahili kukaa hapa." Kenya imekwisha kuonja tunda la maneno hayo. Baada ya uchaguzi wa mwezi wa Desemba 2007 majirani waliokuwa wakiazimana chumvi waliwachomea wenzao nyumba, kwa sababu walikumbuka, au waliambiwa wakumbuke, kwamba wale walikuja. Watu zaidi ya 1,000 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Wengi wa waliokimbia walikuwa wamezaliwa katika mitaa ile ile waliyokimbia. Katiba ya mwaka 2010 yasema katika kifungu cha 39 kwamba kila raia ana haki ya kuingia, kubaki na kukaa mahali popote nchini Kenya. Ni sheria njema. Lakini sheria haimfikii jirani akiwa mlangoni usiku kabla ya jirani mwenzake kumfikia.

Mtu aweza kuniambia: "Ikiwa kumbukumbu yaweza kuua, si heri tuisahau? Na tushike karatasi peke yake, yenye hati akae, asiyekuwa nayo aondoke." Hoja hii ina nguvu, nami nimewasikia watu wenye akili wakiitoa. Siikubali, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba karatasi nayo ina historia, na historia yake si safi kuliko ya midomo. Katika pwani na katika nchi yetu ya Taita na Taveta, sehemu kubwa za ardhi ziliandikwa kwa majina ya serikali, ya reli, na ya mashamba ya katani wakati ambapo waliokuwa wakiitumia hawakuulizwa. Ukisema karatasi peke yake ndiyo shahidi, umemsikiliza shahidi mmoja na kumfunga mwingine kinywa. Sababu ya pili ni nzito zaidi kwangu: karatasi humjua mwenye ardhi tu. Haimjui aliyeamka usiku kumpeleka mke wa jirani kwa mkunga. Haimjui fundi aliyemfundisha kazi kijana wa watu bila malipo. Ukiufuta ukumbusho wa mambo haya, mtaa huwa safu ya vyumba.

Basi kuna njia gani kati ya karatasi isiyo na moyo na kumbukumbu yenye panga? Watu wa Tanzania-Bondeni waliijaribu mojawapo, na habari yao yastahili kujulikana na kila kijana wa nchi hii kuliko inavyojulikana. Kwa miaka mingi walikaa pale bila hati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali, kwa msaada wa Ujerumani, iliandaa mpango wa kuutengeneza mtaa: viwanja vipimwe, njia zifunguliwe, maji yaletwe. Swali likawa, ardhi iandikwe jina la nani? Njia iliyozoeleka ni kumpa kila mtu hati yake. Lakini katika miji mingine ilikuwa imekwisha kuonekana jinsi mambo yanavyokwenda: mtaa wa maskini ukitengenezwa huvutia wenye fedha, maskini huuza kiwanja akiwa na shida ya siku moja, akaenda kujenga kibanda kingine mahali pengine pasipo na hati. Wakazi walielezwa njia zilizopo wakajadiliana. Wakachagua ardhi iwe mali ya jamii nzima chini ya wadhamini, na nyumba ziwe za watu binafsi. Atakaye kuondoka aweza kuuza nyumba yake, lakini ardhi iliyo chini yake haiuzi, kwa kuwa si yake peke yake. Sheria ya Kenya wakati ule haikuwa na mlango uliotengenezwa kwa jambo kama hilo, hata ikabidi kuunganisha sheria za vyama na za udhamini ili kupata pa kuingilia.

Usidhani kwamba naileta habari hii kama dawa isiyo na uchungu. Wako waliouliza, na kwa haki, kwa nini maskini azuiwe kuuza ardhi ilhali tajiri hauzwi swali kama hilo. Mwenye hati yake huenda benki akakopa. Mwenye nyumba juu ya ardhi ya wote huambiwa asubiri. Kamati nayo ni watu, na watu huchoka, hupendelea, na wazee waliokumbuka sababu ya uamuzi hufa na kuwaachia watoto kanuni wasiyojua chanzo chake. Uhuru wa kuuza ni uhuru wa kweli, na aliyeunyima alipie kwa faida nyingine iliyo ya kweli pia. Nafikiri faida hiyo ilikuwapo: mtu asiyekuwa na chochote alipata uhakika kwamba shida ya mwezi mmoja haitamtoa mtaani pamoja na watoto wake. Ningalikuwa miongoni mwao ningalichagua walivyochagua. Lakini ningalitaka pia sababu zao ziandikwe katika daftari, kwa maneno ya watu waliokuwapo, ili mjukuu atakayetaka kuibadili kanuni ajue anabadili nini.

Kutokana na mfano huo naweza sasa kulijibu swali nililolianza, angalau kwa kiasi nilichoelewa. Kumbukumbu yampa mtu haki ya kusikilizwa kabla mtaa haujapimwa, kuuzwa, au kupewa jina jipya. Anayejua kwamba chini ya uwanja kuna makaburi asikilizwe kabla ya tingatinga kuwashwa. Haki hii haina mwenye ukabila nayo, humfuata ajuaye. Lakini haimpi mtu mamlaka ya kumfukuza mwingine. Tena kila haki ya namna hii ina deni lake: mwenye kukumbuka hana budi kusema yote, hata yasiyomfaa. Mzee asimuliaye kwamba mtaa ulijengwa kwa ushirikiano, akaacha kusema nani alikatazwa maji ya kisima mwaka wa ukame, amesimulia nusu. Na nusu hiyo ndiyo watoto wa aliyekatazwa maji wanayoikumbuka kwao, kwa siri, wakingojea siku yao.

Limebaki kundi moja ambalo masimulizi ya mitaa hulisahau zaidi ya yote, nalo ndilo kubwa katika miji: wapangaji. Mpangaji hukaa miaka miwili au 20, hulipa kodi mwisho wa mwezi, na siku akiondoka mlango wake hupigwa rangi. Hana hati, na mara nyingi hata masimulizi hayampi nafasi, kwa kuwa wenye nyumba husimulia habari za wenye nyumba. Huko Voi treni mpya ilianza mwaka 2017 kwa kituo chake kipya. Walioishi karibu na kituo cha zamani wakipika chai na mihogo kwa ajili ya abiria walitawanyika kufuata riziki, na wengi wao walikuwa wapangaji. Nani aliandika majina yao? Wakiulizwa mtaa ule ulikuwa wa nani, wana haki ya kujibu kwamba ulikuwa wao pia, maana ndio waliouamsha kila alfajiri.

Wanafunzi wangu wale wawili sasa hutumia daftari moja. Wameigawa karatasi kwa milango, kila mlango na ukurasa wake, na katika ukurasa huandika kila aliyewahi kukaa pale, mwenye nyumba na mpangaji, alitoka wapi, alifanya kazi gani, na nani aliyewaambia habari hiyo. Milango ya mwanzo ilijaa upesi. Ukurasa wa chumba cha pembeni, kilichopangishwa tangu kilipojengwa, una majina mawili na nafasi nyingi tupu. Jumamosi hii wamekusudia kumwendea mama anayeuza mandazi kule mwisho wa njia, ambaye husemwa kwamba alianzia maisha katika chumba hicho, kabla hajahama mwisho wa mwezi.